Kuishi pamoja, Malindi ama Italia: viza ya mume, mke na watoto

Jamani naandika hii manake wiki haipiti bila mtu kunishika mkono njiani, mara sokoni, mara arusini, "dada wewe ulipita vipi, nami mume wangu ataka nende nikakae nae kule", nami nikianza kueleza simu yake yalia, aondoka na nusu ya maneno, kesho nasikia ashampa ejenti pesa. Basi nimekaa chini niandike yote niyajuayo, asome anaetaka na amsomee mwenzake.

Mimi ni mtu wa Malindi, mzaliwa wa Shela, hii Shela yetu ya hapa si ile ya Lamu. Nimeolewa na Mtaliano, tumeishi kule miaka sita, na saa hizi tumerudi twaishi hapa. Mlango wa kwenda nimeupita mimi na watoto, mlango wa kuja ameupita yeye. Jambo moja nlilojifunza, na ndilo nataka mlishike kabla ya mengine yote, ni kwamba viza ya familia haianzi ubalozini, yaanza kabatini mwako, kwenye vyeti. Ubalozi wewe hawakujui, hawaijui nyumba yenu wala mapenzi yenu, wao waona karatasi tu, na karatasi ndizo huwaambia wewe ni nani kwa yule anaekuita. Ukishajua wewe ni nani kwake, mlango wako waujua wenyewe.

Wewe ni nani kwake?

Wa kwanza ni mchumba ama mgeni wa kutembea tu. Kuna ile viza ya Schengen, yani zile nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, Italia ikiwemo, ni ya kutembea, yaitwa C. Hii ni siku 90 ndani ya kila siku 180, basi, na toka Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, watoto wa miaka 6 mpaka 11 euro 45, walio chini ya 6 hawalipi. Hii si viza ya kuishi. Wasichana wengi wa hapa hupelekwa kwa hii huku wakiambiwa "ukifika tutabadilisha", na skizeni vizuri hapa, mke wa ndoa wa raia wa Italia kweli sheria ya kule humruhusu kuomba kibali akiwa ndani, lakini mchumba si mke. Mchumba siku 90 zikiisha hana haki ya kubaki, na akibaki ataishi kwa kujificha, hawezi kuajiriwa kihalali, akipigwa ama akifukuzwa nyumbani aogopa hata kwenda polisi. Na mambo ya kuzidisha siku kimyakimya yamekwisha, toka Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha kwa kompyuta, siku ulioingia na ulioondoka zahesabiwa na mashine.

Wa pili ni mke ama mume wa raia wa Italia, ama raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anaeishi Italia. Huyu ndie mwenye mlango mpana kuliko wote. Viza yake ni bure, ada ya ubalozi hakuna, na ukiskia mtu akudai "ada ya ubalozi" kwa viza ya mke wa Mtaliano muulize ni ada gani hio. Pesa utakazolipa ni za vyeti, tafsiri, safari, na pengine huduma ya kituo cha kupokea maombi.

Wa tatu ni mke ama mume wa Mkenya mwenzetu, ama mgeni yoyote, anaeishi Italia kwa kibali. Hapa wataliano waita ricongiungimento familiare, yani kuunganisha familia, na kazi kubwa haiko kwako wewe uliye huku, iko kwake yeye aliye kule. Ntaieleza mbele.

Viza ya kazi ni habari nyingine kabisa. Kwa ufupi, mwajiri wa Italia ndie huomba ruhusa kwa serikali yake, na nafasi hizo zina idadi maalumu kila mwaka. Haziuzwi na mtu wa Malindi mwenye ofisi ya chumba kimoja.

Vyeti, na hapa ndipo wengi hukwama

Nataka nikae hapa kidogo manake hapa ndipo nlipoumia mimi.

Mimi kwenye cheti cha kuzaliwa nimeandikwa Hadija, kwenye kitambulisho Khadija, na kwenye cheti cha ndoa yule aliyeandika akaweka Khadijah, na h mwishoni. Kwetu ni jina moja, mamangu hata hakuona tofauti, lakini nlipanda basi la usiku kutoka hapa mpaka Nairobi, mtoto wa miaka mitatu amenilalia mapajani njia nzima, bahasha nimeiweka ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, asubuhi nikafika dirishani, yule dada akaziweka zile karatasi tatu sambamba mezani, akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akakihamisha la pili, akakihamisha la tatu, hakusema kitu, akanirudishia zote. Dakika nne hazikufika. Nlirudi Malindi siku ile ile na mtoto ana homa.

Kwa hivyo leo hii, kabla hujafanya chochote, toa vyeti vyako vyote uvitandaze kitandani, chako, cha mumeo, vya watoto, na usome herufi moja moja. Mohamed na Mohammed, Fatma na Fatuma, Omar na Omari, Mwanaisha na Mwana Aisha. Tizama pia tarehe za kuzaliwa, manake wengi wetu vitambulisho viliandikwa kwa kukisia, na jina la baba na la babu kama yafuatana vile vile kote. Tofauti ikiwa ndogo wakili hukuandikia afidaviti kwamba majina haya ni ya mtu mmoja, lakini usiitegemee afidaviti pekee, ubalozi unaweza kuikataa. Ikiwa kubwa bora ufanye kubadilisha jina kwa hati maalumu ambayo hutangazwa kwenye gazeti la serikali, alafu utengeneze kitambulisho na paspoti upya. Yachukua miezi. Ndio, yachukua miezi, na ni bora miezi hio uipoteze huku kwenu kuliko kukataliwa na kuanza tena. Paspoti ya Kenya ya kurasa 34 sasa ni shilingi 7,500 kupitia eCitizen, usiilipie mpaka jina liwe sawa.

Cheti cha ndoa nacho. Sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014 yatambua ndoa za aina tano, ya Kikristo, ya serikali, ya mila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote ni ndoa sawasawa, lakini ni lazima iwe imeandikishwa na una cheti. Hapa kwetu watu wengi wamefungishwa nikahi nyumbani, mashahidi wapo, mahari imetolewa, pilau imeliwa, na kumeandikwa karatasi moja ya sheikh imekunjwa ikawekwa ndani ya msahafu. Mbele ya Mungu ni mke na mume, mbele ya ubalozi bado. Nendeni kwa kadhi mkaandikishe mpate cheti. Kwa wale wataofunga ya serikali, jueni kuna notisi ya siku 21 kabla, na yule Mtaliano atatakiwa alete karatasi ya kwao kwamba hana ndoa nyingine, kwa hivyo mtu anaekuja likizo ya wiki mbili akakwambia "tufunge ndoa Ijumaa" mwambie arudi akapange vizuri.

Ndoa ikishafungwa huku haijulikani kule mpaka iandikwe kwenye daftari la manispaa yake, wao waita comune. Cheti chapelekwa kuthibitishwa wizara ya mambo ya nje Nairobi, chatafsiriwa kwa Kitaliano, chapita ubalozini alafu ndio chatumwa kule. Hii ni hatua watu huiruka. Mume akikwambia "mimi Mtaliano, ndoa yetu yajulikana", muombe akuletee cheti cha ndoa kilichotolewa na comune yake. Kama anacho, viza yako ishafika nusu. Kama miaka miwili yapita na hana, dada yangu, uliza kwa nini.

Na hili nalisema kwa mapenzi si kwa kumkosea mtu. Italia yatambua mke mmoja. Mwanamume akiwa ana mke mwingine anaeishi kule, mke wa pili hapati viza ya kuungana nae, hata kama nikahi yake ni sahihi na cheti kipo. Usiuze dhahabu yako kulipia safari ambayo sheria ishaifunga.

Watoto

Kuna watoto wa aina mbili katika nyumba hizi zetu na kila mmoja ana njia yake.

Wa kwanza ni yule mliyezaa na Mtaliano. Huyu pengine hahitaji viza hata kidogo, ni raia. Kwa sheria ya Italia uraia hufuata damu ya mzazi, ila wameibana mwaka 2025, sasa mtoto aliyezaliwa nje na mwenye uraia mwingine huupata moja kwa moja ikiwa mzazi ama babu au bibi ana uraia wa Italia peke yake, ama huyo mzazi raia aliwahi kuishi Italia miaka 2 mfululizo kabla ya mtoto kuzaliwa. Wababa wengi wa hapa ni wataliano wenye paspoti moja tu, kwa hivyo watoto wao wamo. Lakini baba lazima awe amemtambua kisheria, jina lake liwe kwenye cheti cha kuzaliwa, na mtoto aandikishwe kule kupitia ubalozi. Najua mji huu una watoto wengi ambao cheti chao pahali pa baba pana mstari tu. Huko nyuma mama asiye na ndoa hakuweza kuandikisha jina la baba mpaka baba akubali, lakini Mei 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho chapingana na katiba. Mama, ikiwa baba yupo hai na wajua alipo, lishughulikie mtoto akiwa mdogo, usingoje awe na miaka 17.

Na upande wetu pia, katiba ya 2010 yasema mtoto wa mzazi mmoja Mkenya ni Mkenya wa kuzaliwa, popote alipozaliwa, na uraia wa nchi mbili waruhusiwa. Mtengenezee paspoti zote mbili, akienda atumie ile, akirudi atumie hii.

Jambo ambalo wengi hawalijui, mama wa mtoto mdogo ambaye ni raia wa Italia na anaishi kule, sheria humpa mama huyo kibali cha kukaa kwa sababu ya familia hata kama hakuolewa na baba.

Mtoto wa aina ya pili ni yule uliyekuja nae, wa ndoa ya kwanza. Ndugu zangu huyu hasahauliwi! Nimeona kina mama wawaacha watoto kwa bibi zao wakidhani mzungu hawezi kuwachukua. Ukiwa mke wa raia wa Italia, mtoto wako aliye chini ya miaka 21 ahesabiwa ni familia yake nae pia, hata kama hana damu yake, na viza yake vile vile ni bure. Kinachotakiwa ni ridhaa ya baba yake mzazi iliyoandikwa mbele ya wakili, ama amri ya mahakama kwamba mtoto yuko chini yako, ama cheti cha kifo kama baba amefariki. Baba akiwa hajulikani alipo nenda mahakamani mapema, hapa Malindi mahakama ipo, usimtie hakimu haraka ya wiki moja. Ukimuombea viza pamoja na wewe ni rahisi kuliko kuja kumuita miaka mitatu baadae akiwa ashakusahau sauti.

Ikiwa anaekuita ni Mkenya aliye kule

Huyu aanze yeye. Awe na kibali cha kukaa cha mwaka mmoja ama zaidi, na toka mwisho wa 2024 sheria yataka awe ameishi kule kihalali miaka 2 mfululizo kabla ya kumuita mkewe, ila kwa watoto wadogo sharti hilo halipo. Aende comune apimiwe nyumba, wapewe karatasi kwamba nafasi yatosha watu anaowaita. Na mshahara. Hesabu yake iko hivi, kuna kiwango cha posho ya wazee wasio na kipato ambacho serikali hukitangaza kila mwaka, 2025 kilikuwa kama euro 7,000 kwa mwaka, anaeita lazima awe na hicho kwa ajili yake, na nusu yake juu kwa kila mtu anaemuita. Kumuita mke peke yake basi ni kama 10,500, mke na mtoto mmoja kama 14,000. Akipata pungufu, kipato cha jamaa wanaoishi nae nyumba moja huweza kuhesabiwa.

Vikikamilika anaomba kwa intaneti kwa ofisi ya wilaya ya kule, inaitwa Prefettura, apewa nulla osta, yani karatasi ya "hatuna pingamizi". Karatasi hio yaishi miezi 6, ndani ya miezi hio wewe uliye Malindi ndio uombe viza Nairobi. Ndio maana nasema vyeti viwe tayari, manake nimeona nulla osta ya mtu yafa mkononi akiwa angoja cheti cha kuzaliwa kitoke.

Wazazi waweza kuitwa, ila masharti ni magumu, mzazi awe anategemea yule aliye kule na asiwe na mtoto mwingine huku wa kumtunza, ama awe na zaidi ya miaka 65 na hao watoto wengine wawe hawawezi kumtunza kwa ugonjwa mkubwa unaothibitishwa.

Siku ya kupeleka na siku za mwanzo kule

Siku yenyewe haina mengi. Viza ya kukaa zaidi ya miezi mitatu yaitwa D, uwe na paspoti yenye muda mrefu mbele, picha, vyeti halisi na kopi, tafsiri, nulla osta kama inakuhusu, kopi ya paspoti ya mumeo na barua yake. Wakikuuliza mlikutana wapi jibu ukweli. Kama mlikutana baharini na wewe ulikuwa wauza vikapu, sema nlikuwa nauza vikapu baharini. Wanaoharibikiwa ni wale waliofundishwa hadithi na ejenti kwamba walikutana kwenye semina. Fika Nairobi siku moja kabla, lala kwa jamaa, usiende na basi la usiku kama nlivyofanya mimi. Wakikukataa watakupa barua yenye sababu, isome yote, mpe mtu anaejua Kitaliano akusomee, usiichane. Kwa viza ya familia waweza kukata rufaa kwa mahakama ya kule, na mara nyingi sababu ni karatasi moja tu ilokosekana.

Ukishatua hesabu siku 8 za kazi. Ndani ya siku hizo ndipo hutakiwa kuomba kibali cha kukaa, permesso di soggiorno, sisi huku twaita permeso. Wengine huombea posta, kuna bahasha maalumu ya fomu waiomba dirishani, wake wa wataliano mara nyingi huenda kwa polisi wa uhamiaji moja kwa moja, Questura. Mke wa raia, hata ukiambiwa una nafasi zaidi ya siku 8, mimi nasema usingoje. Ile risiti watakayokupa ndio kitambulisho chako mpaka kadi itoke, na kadi yachelewa sana, ipige picha ujitumie mwenyewe kwa simu. Kwa familia ya raia kadi ni ya miaka 5. Nayo wafanya kazi kihalali, waandikisha watoto skuli, wapata daktari. Simamia mambo haya mwenyewe, jina lako liandikwe comune kwamba waishi pale, na paspoti yako ikae kwako. Nasisitiza, ikae kwako, si kwenye droo ya mume wala ya mama mkwe.

Na mambo yakienda vibaya ndani ya nyumba, namba ya kule ni 1522, bure, saa 24, ni ya wanawake wanaopigwa ama kufuatwafuatwa. Mwanamke mgeni anaepigwa na mumewe sheria ya Italia ina kibali maalumu kwa ajili yake, haimrudishi kwao kwa sababu amemuacha mume. Iandike namba hio kabla ya kuondoka Malindi, na mamako awe nayo.

Uraia nao, ukitaka, mke huomba baada ya miaka 2 ya kuishi kule toka ndoa, ama miaka 3 kama mwaishi nje, mkiwa na watoto muda hukatwa nusu. Lakini lazima ufaulu Kitaliano cha B1, yani kiwango cha kati. Kile Kitaliano chetu cha ufukweni, cha "ciao bella, costa poco", hakitoshi, kina maneno mengi lakini kuandika hakuna. Anza masomo mapema ukiwa hapa hapa.

Wa nchi nyingine

Nataja kwa haraka tu. Ujerumani humtaka mke awe na Kijerumani cha A1, yani cha mwanzo kabisa, kabla ya viza, mtihani hufanywa Goethe-Institut, kituo chao cha lugha Nairobi, ada ya viza euro 75. Uingereza ni ghali, toka Aprili 2024 anaekuita lazima apate pauni 29,000 kwa mwaka, na wewe upimwe kifua kikuu Nairobi na ulipe pesa ya hospitali zao mwanzo kabisa, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Kwa ndugu zetu wa Lamu ambao jamaa zao wako Dubai, mwanamume mwenye mshahara wa dirham 4,000, ama 3,000 na nyumba juu, anaweza kumuita mke na watoto, viza hio yafuata kazi yake, kazi ikiisha nayo imekwisha.

Yeye akitaka kuja kuishi huku

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sisi tumerudi, na nashangaa wazungu wangapi wa hapa wanaishi kwa kutoka na kuingia kila miezi mitatu na hali wana wake wa ndoa.

Toka Januari 2024 Kenya imeondoa viza, mgeni aomba kibali cha safari kwa intaneti, eTA, dola 30 kwa wengi, aombe angalau siku tatu kabla ya ndege. Hicho ni cha kutembea, hupewa mpaka siku 90, chaweza kuongezwa lakini jumla isipite miezi 6. Mumeo ama mkeo wa kigeni muombeeni pasi ya mtegemezi, huombwa kwa mtandao wa imigresheni, wewe Mkenya ndie mdhamini, kwa hivyo barua ni yako, kitambulisho ni chako, na cheti cha ndoa, tena tumerudi kwenye cheti cha ndoa! Akae nayo. Mkifikisha miaka 3 ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na mkifikisha miaka 7 katiba yampa haki ya kuomba uraia wenyewe. Sisi tulikaa tukiongezaongeza pasi wakati miaka mitatu ilishapita zamani, hakuna aliyetuambia.

Pasi ya mtegemezi hairuhusu kazi. Akitaka kuendesha hoteli ama pizeria hio ni kibali cha daraja G na huonyesha mtaji wa dola 100,000. Mstaafu asiye na mke Mkenya, ambaye hataki kufanya kazi, kuna daraja K, awe amepita miaka 35 na ana kipato cha uhakika kutoka kwao cha dola 24,000 kwa mwaka. Na yoyote anaekaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe apate kadi ya mgeni.

Shamba sasa, manake hili huja siku hio hio. Mgeni hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele, katiba yampa kukodi tu, mwisho miaka 99. Kwa hivyo huwa wanatafuta jina la mke. Si vibaya, nyumba ni yenu, lakini kabla hujatia sahihi yoyote ya kiwanja enda na wakili wako wewe, si wakili wake, akusomee kwa Kiswahili kila ukurasa, na umuulize ni nini kitatokea kwa nyumba mkiachana na ni nini kitatokea mmoja wenu akifa. Mimi na wangu tulikaa na wakili asubuhi nzima, watoto wakacheza nje chini ya mwarobaini, tukaandika kila kitu, na kopi moja iko kwa mamangu pamoja na vile vyeti vitatu ambavyo sasa vyote vimeandikwa Khadija.